Sokwe Hamwachii Mtu Mwanawe

Siku kiwanda kilipotupeleka kwenye nyumba ya makumbusho mjini kumwona mtu wa kale, mimi sikumwona. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la kioo pamoja na wanawake wenzangu wa idara ya kusokota nyuzi, kila mmoja kavaa khanga yake ya kutokea kama tumealikwa harusini, na ndani ya kioo mlikuwa na fuvu la rangi ya chai ya maziwa, lenye magego makubwa na lisilo na paji la uso. Kijana aliyetutembeza, kaptula ya kaki na soksi hadi magotini, alikuwa akieleza kwamba huyu aliishi hapa hapa kwetu, enzi ambazo duniani hakujawa na mtu wa kuitwa mtu. Watu wakapiga makofi. Nchi ilikuwa changa, tulikuwa tunapigia makofi kila kilichokuwa chetu, na sasa tunaambiwa hata chanzo cha binadamu ni chetu. Mimi nilikuwa nawaza maziwa yangu.

Yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, nilikuwa nimemwacha Temeke kwa jirani, na nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba saa ile ananyonya, na hanyonyi kwangu.

Kijana akatuuliza tunadhani ni nini kilichotutenga sisi na wanyama. Mmoja akasema moto. Mwingine akasema maneno. Nyapara wetu, ambaye hakukosa nafasi ya kukisifu kiwanda, akasema nguo. Kijana akatabasamu kwa adabu, akasema hayo yote ni kweli, lakini yeye alipata kukaa msituni kule Kigoma kwenye sokwe, na kuna jambo aliliona kwa macho yake.

"Sokwe jike hamwachii mtu mwanawe," alisema. "Mtoto yuko kifuani mchana na usiku. Akija shangazi mtu amguse tu, mama anageuza mgongo. Mtu peke yake ndiye anazaa leo, kesho anamwambia jirani, hebu nishikie. Mie naona hapo ndo tulipoachana nao njia. Maana mtoto anayeshikwa na wengi lazima ajifunze kusoma nyuso. Huyu ananipenda, huyu amechoka, huyu nikimchekea atanipa. Akili zetu zimeanzia hapo."

Mwenzangu wa mashine ya pili akanipiga kiwiko. "Basi sie ndo watu kweli kweli. Wa kwangu saa hizi hata sijui yuko mikononi mwa nani."

Walicheka wote, na nyapara naye. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na khanga yangu inaanza kulowa kifuani, nikamwonea wivu sokwe.

Wivu kwangu si jambo la kukopa. Nimezaliwa nao, na mama yangu alikuwa nao, na sijawahi kuona aibu nao, kwa sababu mtu asiye na wivu aghalabu ni mtu asiye na kitu. Mimi nilikuwa na kitu. Kwetu, juu kule Newala, mtoto ni wa mama. Baba anashukuriwa, anapewa heshima yake, lakini ukoo unapita kwa mwanamke, na mwanamke akizaa msichana ukoo umepata pa kupitia. Kwa hiyo nilipomzaa binti yangu pale Temeke, mbali na mama yangu na mashangazi zangu wote, sikuhesabu kwamba nimepata mtoto tu. Nilihesabu kwamba nimeupata ukoo mzima, na ukoo wote huo ulikuwa unalala kwenye kitanda cha kamba, mweusi, mnene, kichwa kimejaa nywele.

Tulikuwa tumeshuka kutoka kusini muda si mrefu baada ya Uhuru. Mume wangu ni mchongaji wa mpingo. Alisikia kwamba Dar es Salaam wageni wananunua vinyago, akauza mbuzi, tukaja. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako bomba ni moja na kila mtu anajua mwenzake kapika nini. Vyumba viwili vya mbele alikuwa navyo mwenye duka. Alikuwa Mwarabu wa Temeke, babu yake ndiye aliyetoka Hadhramaut, yeye mwenyewe hata bahari alikuwa haipendi. Aliuza mafuta ya taa, sukari, majani ya chai, na mkewe alikuwa anaitwa na nyumba nzima mama wa dukani.

Mama wa dukani alinizidi umri. Alikuwa na wana wa kiume watupu, na wa mwisho alimzaa wiki chache kabla yangu. Mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye akipita ukumbini unajua kapita hata kama ulikuwa umegeuka, kwa sababu nguo zake zilikuwa zinafukizwa udi. Nilipojifungua ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, ndiye aliyeniletea uji wa pilipili manga. Nilimpenda. Hilo nalisema mapema, mtu asije akadhani nilianza kwa kumchukia.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nikarudi zamu ya asubuhi. Nilimwachia mtoto na chupa ya maji yaliyochemshwa na uji mwepesi kwenye bakuli lenye mfuniko, nikaeleza mara mbilimbili namna ya kumlisha. Nikaenda nikasimama kwenye mashine kutwa, na mlio wa mashine ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata ukilia hakuna anayejua.

Mchana nikarudi nakimbia. Mwili wa mama aliyetoka kazini unajua njia kuliko miguu. Nikamkuta binti yangu kalala juu ya mkeka wa mama wa dukani, ubavuni mwa mwanawe, wote wawili midomo wazi, tumbo la wangu limevimba kama ngoma. Uji ulikuwa pale pale, haujafunuliwa. Nikamwamsha nimpe titi. Akaligusa kwa mdomo, akageuza uso.

"Dada," nikamwambia mama wa dukani, "mwanangu kala nini?"

"Uji kaukataa, shoga. Kalia mpaka kapaliwa. Nikampa."

"Umempa nini?"

Akaniangalia kama vile swali ni la kitoto. "Nimempa ziwa. Ulitaka nimpe nini, mafuta ya taa?"

Ningeweza kusema maneno pale. Nilikuwa nayo mengi. Lakini kesho yake kulikuwa na zamu, na keshokutwa, na mume wangu alikuwa hajauza kinyago tangu mwezi uanze. Nikasema asante, dada. Nikatoka uani, nikainama chini ya mpapai, nikakamua maziwa yangu mwenyewe juu ya mchanga. Yalitoka mengi. Mchanga uliyanywa yote na kuku akaja kuangalia.

Ikawa ndiyo desturi. Yeye ananyonyesha wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, mimi nanyonyesha mpapai. Jioni na alfajiri mtoto alikuwa wangu, na jioni kabla ya yote nilikuwa namwogesha. Sikumwogesha kwa sababu ya uchafu, maana mama wa dukani alikuwa msafi kunizidi. Nilimwogesha kwa sababu nywele zake zilikuwa zinanuka udi. Nilikuwa nampaka sabuni ya kufulia kichwani, nasugua, nasuuza, namnusa, nasugua tena, mpaka anuke sabuni, anuke mtoto, anuke kwetu. Ndipo namweka kifuani.

Mume wangu alikuwa anachongea pale pale uani, shoka dogo mkononi, magogo ya mpingo kando. Aliniona.

"Utamtoa ngozi," alisema.

"Ananuka udi wa dukani."

"Si ushukuru. Wenzako wanatafuta hata wa kuwashikia."

Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kuchonga yule mwanamke wa kwanza, wa hadithi ya kwetu. Kila Mmakonde anaijua. Hapo mwanzo alikuwapo kiumbe mmoja tu, si mtu bado, hajaoga wala hajanyoa, akawa mpweke, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nje. Asubuhi akakuta imekuwa mwanamke. Wakazaa mtoto kando ya mto, akafa. Wakahamia mahali pengine, wakazaa, akafa. Wakapanda juu kwenye uwanda, wakazaa, huyo akaishi, na sisi ndio wanawe. Wageni walikuwa wanaipenda sana hadithi hiyo. Mimi niliipenda pia, hasa pale ambapo mwanamke hana jirani.

"Unaona," nikamwambia, "mama yetu wa kwanza hakumpa mtu mwanawe."

Mume wangu alipuliza vumbi la mpingo kutoka kwenye bega la yule mwanamke. "Angempa nani? Walikuwa wawili tu." Akafikiri kidogo. "Pengine ndo maana wawili wa mwanzo walikufa."

Jioni ile nilimpakulia ukoko.

Sasa mtu aelewe nilivyorudi kutoka makumbusho siku ile. Nilirudi nimepata hoja. Nilikuwa nimeambiwa na mtu wa serikali, mwenye soksi ndefu, kwamba mama mwenyewe hasa, mama asiyechanganywa na chochote, hamwachii mtu mwanawe. Kwamba kumgawa ni ubinadamu hilo nalo alilisema, lakini sikulibeba. Nilibeba lile lililonifaa. Nikamwambia nyapara mtoto ana surua, naye kwa kuogopa surua akanipa siku za kutosha, nikaamua kuwa sokwe.

Nikamfunga binti yangu kifuani kwa mbeleko, mbele, si mgongoni, na sikumtoa. Nilipika naye, uso wake nimeufunika kwa upindo wa khanga usipate cheche za jiko la mkaa. Nilikwenda bombani naye, ndoo kichwani, mtoto kifuani, shingo imekakamaa. Chooni nilikwenda naye, na choo cha nyumba ile hakikuwa mahali pa kwenda wawili. Mpangaji wa chumba cha nyuma, mama mmoja wa Kingoni, akanyoosha mikono, "Hebu nimbebe upumue," nikageuza mgongo. Niligeuza kabisa, bega na yote.

"Kulikoni?" aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mwenzetu umegombana na nani?"

"Na mtu sijagombana."

Na kweli, sikuwa nimegombana. Mama wa dukani hakuniuliza neno. Alikuwa anapita ukumbini, anasema shoga umeamkaje, naitikia salama, dada, anapita. Mtoto akisikia sauti yake alikuwa anajinyonga kwenye mbeleko kama samaki, shingo inageuka, na harufu ya udi ikifika alikuwa analia. Alikuwa ananyonya kwangu na macho yake yapo ukumbini. Jamani, nani aliyepata kunyonyesha mtoto anayemtazama mtu mwingine? Ni afadhali akuume.

Halafu asubuhi moja nikamwona. Nilikuwa nimechuchumaa naosha vyombo, yeye akatoka uani akidhani hakuna mtu, maana nilikuwa nyuma ya tanki la maji. Khanga yake ilikuwa imelowa upande mmoja, duara kubwa. Akaangalia huku na huku, akaenda chini ya mpapai ule ule, akainama, akajikamua. Alikuwa anafumba macho kwa maumivu. Maziwa yake yalikuwa yamejizoesha watu wawili, na mmoja nilikuwa nimemfunga kifuani.

Nitasemaje? Nilifurahi. Nikasema moyoni, haya, na wewe uone. Kisha nikaona anavyojipangusa kwa upindo wa khanga, polepole, kama mimi, na furaha yangu ikaharibika, kwa sababu mtu hajikamui hivyo kwa mtoto wa kulipwa. Kumbe alikuwa anamtaka. Kama angekuwa anamnyonyesha kwa huruma tu ningeweza kumsamehe. Mpapai ule ulizaa sana mwaka huo, na wapangaji wote wakasema ni kwa sababu ya maji ya vyombo.

Surua ya uongo ikaisha, zamu ikanisubiri. Alfajiri nikafungua mbeleko, nikagonga mlango wa mbele. Mama wa dukani alifungua. Alinyoosha mikono tu. Na binti yangu, ambaye siku zote zile alikuwa ananilalamikia, akamchekea. Alimchekea kwa ufizi wote. Nilikwenda kazini nikakata nyuzi kutwa na nyapara akanitoza faini.

Mtoto alikua. Alisema mama kwangu na mama kwake, na tofauti ilikuwa ni upande anaogeukia tu. Alianza shule kwenye madarasa yaliyojengwa kwa kujitolea, akarudi na nyimbo za kulima na kujitegemea, akaziimbia pande zote mbili za ukumbi. Mume wangu alikuwa ameacha kumchonga yule mwanamke wa kwanza. Sasa wageni walitaka vile vinyago vya watu wengi kwenye gogo moja, mmoja anamwinua mwenzake, huyu kapanda begani kwa yule, vilivyoitwa vya ujamaa. Nilikuwa navitazama pale uani na kila mara nilitafuta ni yupi mama na ni yupi mtoto wake. Nikimuuliza anasema hajui, wote wameshikana.

Binti yangu alipovunja ungo nikaanza kumlinda kama nilivyolindwa. Na hapo ndipo nilipoona jambo lisilokaa vizuri. Nyumba ile ya mbele ilikuwa ya watu wa dini hasa. Wale wana wa kiume walikuwa wameshakuwa vijana wenye ndevu, na wasichana wa nyumba nzima walikuwa hawaingii chumba cha ndani. Vijana wenyewe wakikutana na msichana ukumbini walikuwa wanaangalia ukuta. Isipokuwa wangu. Wangu anaingia na kutoka, kichwa wazi, anakaa kwenye mkeka mmoja nao wanakula sinia moja, mkubwa wao anamvuta nywele, naye anampiga kofi la bega. Mzee wa dukani mwenyewe, ambaye hakuwahi kunishika mkono miaka yote ile, nilimwona anamfuta binti yangu machozi kwa kidole.

Nikaenda mbele, moto.

"Dada, mwanangu ni msichana sasa. Sitaki akae na vijana. Watu watasema."

Mama wa dukani alikuwa anachambua mchele. Akacheka, na kucheka kwake ndiko kulikonichoma. "Watasema nini? Hao si kaka zake?"

"Kaka zake wa wapi?"

"Wa kunyonya. Shoga, hujui? Kanyonya kwangu akashiba, tena si mara moja. Kwetu huyo ni mwanangu. Hao ni kaka zake, hawezi kuolewa na hata mmoja mpaka Kiyama, na baba yao ni baba yake. Ndo maana hajifuniki kwao. Angejifunika mtu kwa baba yake?"

Nilikaa juu ya gunia la chumvi bila kukaribishwa.

"Nani kasema?"

"Dini imesema."

"Dini yako."

"Na ziwa langu," alisema, kwa upole ule ule, akiokota kokoto na kuitupa nje.

Kwetu mtoto anakuwa wako kwa damu. Sikuwahi kusikia kwamba mahali popote duniani anakuwa wa mtu kwa maziwa. Kwangu mimi maziwa yalikuwa chakula, na chakula ukimpa mtoto wa jirani umempa chakula. Kumbe miaka yote ile, wakati mimi najiona mwehu, wakati mume wangu ananiambia nashindana na kivuli, mwenzangu alikuwa ameshapewa mtoto na Mungu wake, kwa sheria, na nyumba nzima ya mbele inajua. Nilikuwa nimemwogesha bure. Udi ungetoka kichwani, sheria ingetoka wapi?

"Ungeniambia," nilisema. "Siku ile ya kwanza ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa!"

"Na angekufa njaa. Alikuwa anakataa uji, shoga. Umesahau?" Akaweka ungo chini. "Mie nimezaa wanaume tu. Mungu akanipa wa kike kwa mlango huo. Sikumwiba. Kila siku umerudi, umemchukua."

Mimi huwa nanyamaza kwa kelele. Nilipita ukumbini nikiupiga kila mlango kwa kiganja. Nilimwita binti yangu, nikamwambia kuanzia leo hukanyagi mbele. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu mimi ndiye mama yako. Akasema, "Lakini hilo nalijua, mama," kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa. Kesho yake alikanyaga.

Basi nikaishi hivyo. Binti yangu akaolewa na kijana wa kwetu, kanisani, na mama wa dukani akakaa kwenye benchi la pili, udi wake unapigana na ubani wa padri. Mzee wa dukani alikuwa ameshafariki, duka limekuwa la ushirika, na foleni ya sukari ilikuwa inaanzia mlangoni pa mama wa dukani mwenyewe naye anasimama kama watu wote. Nikimwona kwenye foleni nilikuwa nampisha mbele yangu. Heshima sikumnyima. Nilimnyima yale mengine.

Alikufa kipindi kile cha uhaba, mtoto wa binti yangu akiwa wa miezi michache. Aliugua siku chache tu. Nguo nyeupe ilikuwa haipatikani mjini, wanawe walizunguka mpaka Kariakoo wakarudi mikono mitupu, na watu walikuwa wanazungumza kumzika kwa shuka. Mimi nilikuwa na bafta niliyopewa kiwandani kama mgao wa wafanyakazi, nguo nyeupe mpya, nimeiweka sandukuni na dawa ya nondo. Nilikuwa nimeiweka iwe sanda yangu. Nikaitoa. Nilijiambia kwamba angalau jambo moja atanifuata mimi, ataondoka kavaa uzi niliousokota mwenyewe.

Wanawake walikuja wengi, wa Temeke, wa Tandale, wengine kutoka Bagamoyo. Na ndani kule kwenye chumba cha mbele kulikuwa kunatafutwa mtoto wa kike wa marehemu wa kukaa mahali pa mtoto, watu wapate wa kumpa pole. Hakuwepo mwingine. Wakamkalisha binti yangu ukutani kwenye mkeka, khanga kichwani, mtoto mapajani, na chetezo cha udi kinafuka miguuni pake. Kila aliyeingia alikuwa anainama anamkumbatia.

"Pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama."

"Pole kwa kufiwa na mama."

Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba sinia la vikombe. Nilikuwa hai, nimesimama, nina jasho, na watu wanampa mwanangu pole ya kifo cha mama yake mbele ya macho yangu. Mwanamke mmoja wa Bagamoyo akanigeukia kwa wema, akaniuliza, "Na wewe mama, nani wake marehemu?"

"Mpangaji mwenzake," nilisema.

Binti yangu alikuwa analia. Hakulia kwa adabu za msibani, alilia mdomo wazi kama alivyokuwa analia utotoni akisikia sauti ile ukumbini. Nilimtazama nikajua, hivi ndivyo atakavyonililia mimi siku yangu. Halafu nikamwonea wivu hata maiti, maana yeye ndiye aliyekipata kwanza kilio kile, kingali kipya, na sikujua kama yatabaki machozi ya kunitosha.

Mjukuu wangu alipoanza kusumbuka kwa joto na moshi, binti yangu hakuweza kusimama. Akamwinua tu. Mwanamke wa karibu akampokea, naye akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, mikono inapokea mikono kwenye ukumbi ule mzima, wanawake ambao hata sikuwajua, na yule mtoto anawatazama nyuso zao mmoja mmoja, anawapima, anamchekea huyu, anamkunjia huyu. Nikamkumbuka kijana wa soksi ndefu. Niliweka sinia chini nikasimama mwisho wa ukumbi, mlango wa uani, mikono nimeshainyoosha, na nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba atafika kwa mtu kabla yangu akalala.

Alifika. Alinitazama sana. Hakunichekea wala hakulia, aliweka kichwa begani pangu tu.

Nikatoka naye uani. Karai la maji lilikuwa tayari na sabuni pembeni, mama wa Kingoni alikuwa ameyateka kwa ajili yake. Nikainamisha pua kwenye nywele zake kama ninavyofanya na watoto wote, na nywele zilikuwa zimekolea udi, udi ule ule, mpaka kwenye mizizi. Nilisimama nikanusa. Nikamgeuza, nikanusa na upande wa pili. Kisha nikalichukua lile karai kwa mkono mmoja, nikayamwaga maji pale ulipokuwa mpapai.

Jioni watu walipopungua binti yangu akatoka, macho mekundu, akaja kumchukua.

"Mama, ameshaoga?"

"Ameshaoga," nilisema.

Aliinamisha pua kwenye nywele za mtoto, akavuta pumzi, akafumba macho.